Tumbo Kubwa Si Mimba Kila Mara

Ndugu msomaji, hebu tuanze na mfano. Kuna binti wa miaka 14. Anakaa kijijini, tuseme upande wa Micheweni. Anasoma skuli. Hajaolewa. Mwezi huu mama yake anaona tumbo la binti limetuna. Mwezi wa pili limezidi. Kisimani watu wanaanza kunong'ona. Shangazi mtu anamwambia mama, "Wifi, mtoto huyu kashaharibika." Baba anasikia, anakasirika, anataka kumfukuza nyumbani. Binti analia. Anaapa kwamba hajamjua mwanamume. Hapana anayemsadiki.

Binti huyu ni wa mfano tu. Lakini jambo lenyewe hutokea duniani. Wako wasichana waliosingiziwa mimba, kumbe tumboni mna uvimbe. Wako waliofichwa ndani kwa aibu mpaka wakachelewa kutibiwa.

Leo tutazungumza juu ya uvimbe wa aina moja, nao ni uvimbe unaotokana na mbegu za uzazi. Uvimbe huu hutokea kwa nadra. Wengi wetu hatutauona katika nyumba zetu. Lakini huwashika sana watoto na vijana. Na ukigunduliwa mapema, mara nyingi hupona kabisa. Kwa hiyo yafaa kila mzazi aujue.

MBEGU ZILIZOANGUKA NJIANI

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo ndogo sana. Jicho haliwezi kuziona bila ya chombo kinachoitwa hadubini. Chembe hizo ni kama mawe ya nyumba. Nyingine hufanya ngozi, nyingine hufanya mifupa, nyingine hufanya damu.

Lakini zipo chembe za namna ya pekee. Hizo ni mbegu za uzazi. Kwa mwanamke mbegu hizo ni mayai. Hukaa katika vifuko viwili vya mayai, kimoja kulia kwa kizazi na kimoja kushoto. Kwa mwanamume hukaa katika korodani mbili.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mtoto anapoanza kuumbika tumboni mwa mama yake, mbegu hizo haziko mahali pake. Zinaanzia kwenye kifuko kidogo kilicho nje ya mwili wa mtoto. Halafu husafiri. Hupita katikati ya mwili, karibu na uti wa mgongo, mpaka zifike zinapotakiwa. Safari hiyo hufanyika katika miezi miwili ya mwanzo ya mimba.

Fikiri juu ya mkulima anayechukua mpunga wa mbegu ghalani kuupeleka bondeni. Pakacha likiwa na tundu, punje nyingine zitaanguka njiani. Nyingi zitakufa. Lakini moja yaweza kuota pale pale njiani, mahali ambapo hapana shamba. Ndivyo ilivyo kwa mbegu hizi. Nyingine hubaki njiani, nyuma ya tumbo, kifuani au penye kifandugu. Baada ya miaka, moja yaweza kuanza kukua ovyo ikawa uvimbe. Hata zile zilizofika salama, katika vifuko vya mayai au korodani, mara nyingine hukua ovyo vile vile.

JINO NDANI YA TUMBO

Mbegu ya uzazi ina uwezo ambao chembe nyingine hazina. Kwayo hupatikana mtoto mzima, mwenye ngozi, nywele, mifupa na meno. Basi mbegu hiyo ikikua ovyo, yaweza kufanya vitu hivyo hivyo bila ya mpango. Ndiyo sababu daktari akiupasua uvimbe wa namna hii huweza kukuta ndani yake nywele, mafuta, kipande cha mfupa, hata jino.

Mtu akisikia habari hiyo husema, "Huu uchawi huu! Nani kamtilia mtoto wangu nywele tumboni?" Hapana aliyemtilia. Si uchawi, wala si mtoto. Ni mbegu yake mwenyewe iliyokosea njia. Madaktari huuita uvimbe huo teratoma. Huonekana Pemba, China, Marekani na kila mahali.

Uvimbe wa mbegu uko wa namna mbili. Wa kwanza ni ule usio saratani. Hukua polepole, haurukii viungo vingine, na ukiondolewa mambo yamekwisha. Teratoma nyingi za vifuko vya mayai ni za namna hii. Wa pili ni saratani. Huu hukua kwa haraka, pengine kwa wiki chache tu. Huweza kupeleka chembe zake kwenye matezi ya tumboni, ini au mapafu. Kwa macho tu huwezi kujua ni upi. Lazima upimwe.

DALILI ZAKE

Dalili hazifanani kwa watu wote. Lakini tazama hizi:

Tumbo kukua wakati mikono na uso vinakonda.

Kitu kigumu kinachoshikika tumboni, hasa chini ya kitovu.

Tumbo kuuma au kuwa zito, kukosa choo, au kwenda haja ndogo mara kwa mara kwa sababu uvimbe unasukuma kibofu.

Hedhi kuvurugika, au mtoto mdogo wa kike kutokwa na damu kabla ya umri wake.

Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo, pamoja na kutapika. Hii ni hatari. Huenda kifuko cha mayai kimejisokota kama kamba pamoja na uvimbe wake. Damu haipiti. Mgonjwa huyu asingoje asubuhi. Apelekwe spitali saa ile ile.

Si kila tumbo kubwa ni uvimbe wa mbegu. Bandama huvimba kwa malaria ya mara kwa mara. Minyoo hutunisha tumbo la mtoto. Ini huvimba, kibofu hujaa, na mimba nayo ipo. Kazi ya kutenganisha hayo ni ya dokta. Si ya jirani, wala si ya watu wa kisimani.

TUSIFANYE HAYA

Wengi wetu tumbo likivimba kwanza twakimbilia kukandwa. Tunasema ni chango. Tafadhali, tumbo lenye kitu kigumu lisikandwe. Uvimbe ukipasuka ndani, maji yake humwagika tumboni. Kama ni saratani, chembe zake hutawanyika kama punje zilizomwagika uwanjani. Kuziokota tena ni kazi kubwa.

Tusichanje chale juu ya uvimbe. Tusiuchome kwa moto wala kwa sindano.

Wako watakaosema kwamba ni jini au sheitani, binti atolewe kwenye ngoma au anyweshwe kombe. Dua haikatazwi. Lakini dua isiwe sababu ya kuchelewa. Mvuvi huomba dua kabla ya kutoka, na tundu la ngalawa huliziba pia. Mwombee mtoto, na siku hiyo hiyo mpeleke kituo cha afya.

Na baba, usimfukuze mtoto. Usimpige. Mimba hupimwa, haihukumiwi kwa macho.

DOKTA HUTAFUTA NINI

Kwanza dokta huuliza. Tumbo limeanza kukua lini? Linauma? Hedhi ikoje? Umekonda? Jibu kweli, usifiche. Mficha maradhi kifo humwumbua. Binti apewe nafasi ya kuzungumza na dokta au muuguzi wa kike, bila ya baba yake wala majirani.

Pili, dokta hubonyeza tumbo taratibu ili ajue kitu kiko wapi, kigumu au chenye maji, kinasogea au hakisogei.

Tatu, hupima mkojo au damu. Hapa kuna jambo muhimu sana. Kipimo cha mimba hutafuta homoni moja inayotoka katika mimba. Lakini uvimbe mwingine wa mbegu hutoa homoni hiyo hiyo. Kwa hiyo binti asiye na mimba aweza kupimwa mkojo na jibu likasema ana mimba! Ndiyo maana kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi. Apigwe picha ya ultrasaundi. Ultrasaundi haina uchungu. Dokta hupaka dawa kama mafuta juu ya tumbo, akapitisha kifaa kidogo, na picha huonekana kwenye kioo. Kama ni mtoto ataonekana. Kama ni uvimbe utaonekana.

Mara nyingine hupigwa eksirei au picha ya CT skani, ili kuona kama uvimbe umefika kwenye matezi au mapafu. Hupimwa pia vitu vingine katika damu. Kimoja kinaitwa alfafetoprotini. Kikizidi sana, humwambia dokta kwamba huenda huu ni uvimbe wa mbegu ulio saratani. Na baada ya matibabu hupimwa tena. Kikishuka, dawa imefanya kazi. Kikipanda, maradhi yanarudi.

UPASUAJI

Neno hili huwatisha watu wengi. Lakini kupasua si mambo mapya wala si ya wageni peke yao. Yapata miaka 1000 iliyopita Abul Qasim al-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalusia, aliandika kitabu kikubwa cha tiba chenye sehemu nzima ya upasuaji na picha za vyombo vyake. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, mwaka 1879, mmisionari Robert Felkin aliona huko Bunyoro, Uganda, mganga mwenyeji akimpasua mama tumbo na kumtoa mtoto. Mama na mtoto walisalimika.

Kisa kingine ni cha Marekani. Mwaka 1809 mama mmoja, Jane Todd Crawford, alikuwa na tumbo kubwa. Watu walidhani ana mimba, lakini siku zikapita na mtoto hakuzaliwa. Dokta Ephraim McDowell akamwambia, "Huna mimba. Una uvimbe wa kifuko cha mayai." Mama yule alipanda farasi kiasi cha kilomita 100 mpaka nyumbani kwa dokta. Akapasuliwa bila ya dawa ya usingizi, kwa sababu wakati ule haijakuwapo. Uvimbe ulikuwa na uzito wa kilo 10 hivi. Alipona, akaishi zaidi ya miaka 30 tena.

Leo hapana haja ya kuvumilia hivyo. Mgonjwa hupewa nusu kaputi akalala. Hasikii kitu. Kabla yake huambiwa asile, ili asitapike usingizini. Jamaa huombwa watoe damu. Ukiombwa damu usikimbie. Mwili wako utatengeneza nyingine.

Dokta hupasua tumbo na kwanza hulitazama lote. Huchukua maji kidogo ya tumboni yakapimwe. Halafu huutoa uvimbe mzima mzima, bila ya kuutoboa ikiwezekana. Hutazama kifuko cha pili, matezi na utando wa mafuta unaofunika matumbo. Uvimbe unatiwa katika dawa na kupelekwa maabara. Huko hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Hapo ndipo hujulikana kwa hakika kama ni saratani au siyo.

Kwa hiyo usirudi kijijini ukasahau. Rudi spitali kuchukua jibu la maabara. Kidonda kikipona si kwamba kazi imekwisha. Jibu ndilo litakalosema kama dawa zaidi zahitajika.

Wazazi huuliza, "Je, mwanangu atazaa?" Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba, kwa wasichana wengi, daktari huondoa kifuko kimoja tu, kile kilichougua. Kizazi na kifuko cha pili hubaki. Kifuko kimoja chatosha kupata hedhi, mimba na watoto. Kama uvimbe si saratani, mara nyingine huondolewa uvimbe tu na kifuko kikabaki. Mwulize dokta mapema jambo hili, kabla ya kutia sahihi karatasi ya ruhusa. Nawe sasa wajua kusoma. Isome kabla ya kuitia sahihi.

Baada ya upasuaji mgonjwa ajitahidi kuinuka na kutembea kidogo kidogo. Kwa wiki sita hivi asibebe ndoo za maji wala mizigo ya kuni.

DAWA ILIYOTOKANA NA MADINI

Jibu likisema ni saratani, usikate tamaa. Uvimbe wa mbegu ni katika saratani zinazoisikia dawa vizuri kupita nyingi nyingine.

Zamani haikuwa hivyo. Saratani hii ikishatawanyika, vijana wengi walikufa. Mwaka 1965 mtaalamu wa Marekani, Barnett Rosenberg, alikuwa akipitisha umeme katika maji yenye vijidudu. Vijidudu vikaacha kuzaana. Akachunguza, akakuta si umeme uliofanya hivyo. Ni madini ya platinamu yaliyotoka katika vyombo vyake. Kutokana na madini hayo ikapatikana dawa iitwayo sisplatini. Mwaka 1974 Dokta Lawrence Einhorn wa Indiana aliichanganya na dawa nyingine mbili, akampa kijana ambaye saratani yake ya korodani ilikwisha kutawanyika. Kijana akapona. Tangu hapo wagonjwa wengi wamepona.

Dawa hizi hutiwa katika mshipa wa damu. Kwa kawaida hutolewa kwa vipindi vitatu au vinne, na kila kipindi ni wiki tatu. Ni dawa kali. Nywele hunyonyoka, lakini huota tena. Mgonjwa hutapika, huchoka, na hushikwa na homa kwa urahisi. Akipata homa arudi spitali mara moja. Asiache dawa katikati ati kwa kuwa tumbo limeshakuwa dogo. Chembe chache zilizobaki zitaota tena kama magugu yaliyopaliliwa nusu.

WATOTO WA KIUME

Baba na mama wa watoto wa kiume, nanyi sikilizeni. Mtoto wa kiume anapozaliwa korodani zake mbili ziwe zimekwisha kushuka katika mfuko wake. Lakini katika watoto 100 waliotimia miezi, kama 3 hivi huzaliwa korodani moja au zote hazijashuka. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi ya mwanzo. Isiposhuka mpaka miezi sita, mtoto apelekwe spitali. Madaktari hupenda kuishusha kwa upasuaji mdogo kabla mtoto hajapita mwaka mmoja na nusu.

Kwa nini? Korodani iliyobaki tumboni hupata joto jingi. Huweza kukosa nguvu ya kuzalisha. Na mtu akiwa kijana, huwa katika hatari zaidi ya kupata saratani ya mbegu humo humo tumboni, ambamo hapana anayeiona. Kwa hiyo mama, unapomkosha mtoto, papasa taratibu uhesabu. Na siku ya kumtahiri mtoto mwulize dokta, "Zote mbili zimeshuka?"

Na wewe kijana, ukiona korodani moja imekuwa ngumu au kubwa, hata kama haiumi, usiseme "ni mshipa tu" ukanyamaza. Kapimwe.

Watoto wachanga nao huweza kuzaliwa na uvimbe penye kifandugu, juu ya makalio. Mara nyingi si saratani wakati wa kuzaliwa. Lakini usiachwe. Hupasuliwa mapema, na kifandugu huondolewa pamoja nao ili usirudi.

WAPI PA KWENDA

Anza kituo cha afya kilicho karibu. Ukiambiwa uende mbele, nenda. Pemba tunazo hospitali za Micheweni, Wete, Chake Chake, na Abdulla Mzee huko Mkoani. Hospitali ya Abdulla Mzee ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Madaktari wa Kichina walifika Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1964, na vikundi vyao vimefanya kazi Mnazi Mmoja, Unguja, na Mkoani pia.

Mgonjwa mwingine atapelekwa Mnazi Mmoja, au avuke mpaka Dar es Salaam, kwenye hospitali ya Muhimbili au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Safari ya meli ni ndefu, na nauli ni mzigo. Basi jamaa na wanakijiji tusaidiane. Twachangiana harusi, twachangiana maziko. Tuchangie na nauli ya mgonjwa kabla hatujachangia sanda.

TURUDI KWA BINTI YETU

Tuseme mama yake hakusikiliza ya kisimani. Alimpeleka binti kituo cha afya, wakatumwa Wete, akapigwa picha. Dokta akamwita baba, akamwambia, "Mzee wangu, mtoto wako hana mimba. Ana uvimbe, na unatibika." Baba akainama. Hakuwa na la kusema ila, "Nisamehe, mwanangu."

Si kila baba hupata nafasi ya kusema neno hilo. Wako wanaolisema kaburini. Ndugu msomaji, ukiona tumbo la mtoto linakua, acha kuhukumu. Mpeleke akapimwe.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini tumbo lenye kitu kigumu lisikandwe?

2. Kwa nini kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi?

3. Katika kijiji chenu, mgonjwa akiambiwa aende Unguja au Dar es Salaam, nani humsaidia nauli? Mwaweza kupanga nini pamoja?